Mleta mada, hizo kanda za VHS haziendi dampo. Soma yaliyonikuta kwanza

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba marehemu mzee ameacha boksi la kanda za VHS alizorikodi kwenye TV miaka ya tisini, umepata fundi atakayekuhamishia "vipindi vyenyewe tu, bila matangazo" kwenye DVD, Jumamosi unampelekea, na ukishapata DVD zako kanda zinaenda dampo kwa sababu mama analalamika stoo imejaa. Halafu unauliza deki gani inafaa, bei ya haki ni ipi, kuvu inatolewaje, na kama kituo kinaweza kukusumbua ukiweka YouTube. Pole ya msiba nitakupa nikishatulia. Kwa sasa nasema hivi: kanda haitupwi. Hata ile iliyokatika. Hata ile yenye filamu ya Kihindi ambayo mtaa mzima unaijua kwa kichwa.

Hasa hiyo ya Kihindi.

Mjomba wangu alikuwa na deki Dar tangu enzi ambazo bara hatukuwa na kituo hata kimoja. Waliokuwepo wanakumbuka: antena juu ya bomba refu, uso umeelekezwa Zanzibar, tunaidaka TVZ, kituo cha Zanzibar, yenye rangi wakati sisi wenyewe hatuna hata ya nyeusi na nyeupe. Mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza, CTN, ITV na DTV, mjomba akawa kama kapagawa. Kila jioni kidole kiko kwenye REC. Lakini alikuwa mbahili wa kanda, na hapo ndipo utamu wote ulipo. E-180 moja, yaani kanda ya saa tatu, alikuwa anairudia mpaka inachoka. Leo karikodi taarifa ya habari ya saa mbili, wiki ijayo anabandika filamu juu yake. Filamu ikiisha kabla ya kanda kwisha, nyuma yake inachomoza habari ya zamani kuanzia katikati ya sentensi, na matangazo yake, na mtangazaji wa zamu akisoma ratiba ya kesho. Mikia hiyo ndiyo televisheni iliyopotea. Filamu yenyewe unaipata popote kwa bando la buku.

Mimi hayo sikuyajua. Katikati ya miaka ya 2000 kila kitu kilikuwa VCD, zile diski za video za bei rahisi kabla DVD hazijashika, na familia ikanipa mimi kazi ya "kuzihamisha kanda za mjomba" kwa sababu nilikuwa nimesoma kompyuta (nilisoma Excel, ila nani alijali). Nikampata fundi mmoja mwenye kibanda, deki tatu, kompyuta moja na maneno mengi. Akaniambia nukuu ambayo naikumbuka hadi leo: "Kanda inakufa, bro, diski haifi." Akaniambia pia kwamba matangazo yanajaza diski bure, bora ayakate nilipe pungufu. Nikaona huyu mtu ananionea huruma. Nikamshukuru! Nikamwachia na soda.

Alichofanya ni hiki. Alirudisha kanda mwanzo, akarikodi filamu, akarikodi ngumi, akarikodi mpira, na kila kilipokuja kitu cha kituo chenyewe akabonyeza pozi. Filamu ikiisha, anatoa kanda. Hakuna hata moja aliyoiacha icheze hadi mwisho. Tangazo la sabuni, tangazo la betri, saa ya kituo kabla ya habari, kampeni za 1995, vyote chini ya pozi. Ni sawa na kukuna nazi halafu ukatunza kifuu.

Na hicho kidogo alichokihamisha nacho alikikata mguu. Ngoja nieleze hili maana ndilo watu wanadanganywa nalo mpaka leo. Picha ya PAL, mfumo wa TV ambao ndio tuliokuwa tunatumia Tanzania na Kenya, ina mistari 625, inayoonekana ni 576, na haiji yote kwa mkupuo. Zinakuja nusu-picha 50 kwa sekunde: kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Ndiyo maana mpira wa zamani kwenye TV ya kichogo ulikuwa unateleza vizuri. VCD ina mistari 288 na picha 25 kwa sekunde. Yaani unachukua nusu moja, nyingine unaitupa, halafu kilichobaki unakikandamiza mpaka nyuso za watu zinakuwa vigae vya bafuni. Huwezi kuirudisha nusu iliyotupwa. Hakuna programu, hakuna AI, hakuna maombi. Hizo zinazojiita "HD remastered" zinakuchorea sura ya mtu mwingine.

Kisha ikaja ile sehemu ambayo mke wangu huwa anaondoka sebuleni nikianza kuisimulia. Fundi akaniuliza kanda nitazifanyia nini. Nikasema sijui. Akasema kuna jamaa anapiga video za harusi anazinunua kama tupu. Nikauza. Hela yenyewe haikutosha hata kujaza mafuta kwenye pikipiki. Kwa hiyo mahali fulani Mbagala kuna watu wana kanda ya harusi yao, bi harusi analishwa keki, na chini ya ile keki kuna historia ya nchi. Nawatakia ndoa njema.

Miaka ikapita, mjomba akafariki, tukawa tunapanga vitu vyake, likatoka daftari. Counter book, kalamu ya bluu, kila kanda na namba yake, na mbele ya kila namba kilichomo pamoja na kaunta ya deki. Kanda moja juu imeandikwa filamu, chini yake: "Habari, meli ya Bukoba, siku ya pili, hadi mwisho wa kanda." MV Bukoba ilizama Mei 1996. Nilikuwa na hiyo VCD. Nikaitafuta, nikaiweka. Filamu inaisha, majina yanapanda, yanakatika katikati, menyu. Fundi alikuwa ametoa kanda dakika chache kabla ya habari kuanza. Na diski isiyokufa ilikuwa imeanza kubanduka rangi yake ya fedha kama ngozi iliyoungua jua.

Najua kuna mjuaji atakuja hapa chini kusema "kwani kituo hakina nakala?" Mkuu, kanda za studio zilikuwa ghali, na dunia nzima walizifuta na kuzirudia. BBC wenyewe, wenye hela na majengo, walifuta vipindi kibao vya miaka ya sitini na sabini. Doctor Who, tamthilia yao maarufu, ina vipindi vya miaka ya sitini ambavyo picha yake haipo hadi leo, lakini sauti ya vyote ipo. Kwa nini? Kwa sababu watazamaji majumbani, wengine watoto wa shule, walitega rikoda za sauti mbele ya TV. Wale watoto walisaidia kuliko shirika. Na mwaka 2013 vilipotangazwa vipindi tisa vya mfululizo huo vilivyookotwa, viliokotwa Jos, Nigeria, kwenye kituo cha TV, filamu zimekaa rafuni zinakula vumbi. Afrika, ndugu yangu. Rafuni. Kwa sababu kuna mtu hakuzipeleka dampo.

Au mchukue Marion Stokes wa Philadelphia. Mama huyu alirikodi televisheni usiku na mchana kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka alipofariki 2012, akaacha kanda takriban elfu 70. Watu wakamwona ana matatizo. Hakukata tangazo, hakuchagua. Leo kanda zake ziko Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Mjomba wangu alikuwa Marion Stokes wa Temeke, mimi nikawa dampo lake.

Na hoja ya "nikishahamisha vizuri kanda ya nini tena" nayo naijibu kabla hujaileta. Waingereza walikuwa na Ceefax, kurasa za maandishi zilizopita ndani ya mistari ya juu ya picha ambayo TV haikuonyeshi. Watu wakirikodi tamthilia zao kwenye VHS, ile mistari nayo ikaingia kanda bila wao kujua, hafifu na imechakaa. Miaka mingi baadaye wataalamu wakaandika programu ya kuisoma kutoka kwenye kanda zile zile, wakapata kurasa nzima za habari na bei za safari. Aliyekuwa na DVD tu hakupata kitu, maana DVD haikuibeba mistari hiyo. Siku hizi kuna vhs-decode, programu huria: unadaka mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma utepe) kabla deki haijayachezea, kazi yote iliyobaki inafanywa na kompyuta. Picha inatoka safi kuliko deki nyingi za bei mbaya. Hii haikuwepo wakati fundi wangu anakula soda yangu. Mwaka 2040 itakuwepo nyingine. Itahitaji kanda, haitahitaji DVD.

Haya, maswali yako, haraka haraka.

Leo hii kabla ya kula, vunja kile kijino cha plastiki kwenye mgongo wa kila kanda. Bila kijino deki inakataa kurikodi juu yake. Fundi wako atateleza kidole siku moja, wote huteleza.

Kuvu: angalia kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, hiyo usiitie kwenye deki kabisa. Hedi zitaziba, na kanda safi inayofuata itaambukizwa. Itenge kwenye mfuko wake mpaka umpate mtu anayejua kuisafisha. Na ukisoma mahali kwamba kanda zinaokwa kwenye oveni, hiyo ni tiba ya aina fulani za kanda, hasa za studio zilizoanza kunata, kwenye joto dogo linalopimwa. Siyo oveni ya mama, siyo VHS ya mzee.

Deki iwe ya PAL, hedi safi. Kama mzee alikuwa na ndugu Bujumbura au Kinshasa, zipo zitakazotoka bila rangi kwa sababu ni SECAM, mfumo mwingine wa rangi. Hazijaharibika, usizitupe (unaona ninavyorudi hapo hapo). Hedi usizisugue juu na chini kwa pamba ya masikio, zinavunjika.

Kudaka kanda kwenye kompyuta: faili la FFV1, aina isiyopoteza chochote cha picha, 720 kwa 576, nusu-picha zote mbili ziachwe kama zilivyo. Itakula gigabaiti 30 hivi kwa saa, zaidi kama kanda ina chenga. Mtu akikwambia MP4 inatosha, muulize hela ya hard disk anayo au hana, maana hapo ndipo shida yake ilipo. MP4 ni ya kumtumia shangazi WhatsApp. Bonyeza play mwanzo kabisa, acha mpaka kanda isimame yenyewe. Chenga zikitokea usiguse kitu, nyuma ya chenga ndiko mikia inakojificha. Usimruhusu mtu yeyote akae karibu na kitufe cha pozi.

Mambo ya YouTube tutayaongea ukishakuwa na kitu cha kuweka. Bei nayo nimeisahau, halafu ngoja... hapana, hii ni muhimu zaidi: mzee alikuwa na daftari? Karatasi ndani ya maganda, maandishi kwenye lebo, jina la filamu lililokatwa na kuandikwa jingine juu? Hayo yaliyokatwa ndiyo nayataka mimi. Piga picha lebo zote, na zile zilizokatwa zipige kwa karibu, zitupie kwenye uzi huu tukusomee. Na huyo fundi wa Jumamosi mpigie simu sasa hivi, mwambie gari limeharibika.