Velositi ni ziro ila akselerasheni ndo kubwa, inakuwaje?

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kwenye simpo hamoniki, yaani mwendo wa kwenda na kurudi kama pembea, vipi kitu kisimame kule mwisho kabisa halafu tuambiwe akselerasheni yake ndo kubwa kuliko pote. Wengi hapo ndo wanakwama, maana wanadhani kitu kikisimama basi kila kitu ziro.

Kumbuka pembea za sikukuu pale Mnazi Mmoja, ikifika juu inasita kidogo tu halafu inakurudisha, sasa kama akselerasheni ingekuwa ziro pale juu si ungebaki unaning'inia hukohuko? Akselerasheni inahesabu velositi inavyobadilika, haihesabu unakwenda mbio kiasi gani. Ukipita katikati ndo mbio kuliko pote lakini hakuna kinachokuvuta nyuma wala mbele, akselerasheni ya kwenda mbele na nyuma ziro.

Fomula ni mbili tu, a = −ω²x na v = ±ω√(A² − x²). Hapo a ni akselerasheni, v ni velositi, x ni umbali kutoka katikati, A ni umbali wa mwisho kabisa kutoka katikati, na ω (omega) ni 2π ukigawa kwa T, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja. Ile alama ya kutoa usiiache wallahi, ndo inayosema akselerasheni siku zote inaelekea katikati.

Jaribu hii, A ni 0.1 m na T ni sekunde 2, kwa hiyo ω = 2π/T = 3.14. Katikati v inakuwa 0.314 m/s, mwisho ukubwa wa a ni 0.99 m/s² hivi. Kwenye x = 0.06 m utapata v 0.25 na a −0.59. Na kalkuleta iweke kwenye rediani, si digrii, ukianza kutumia sin na cos, hapo watu wanapoteza maksi bure kabisa.