Datsun 240Z: kutu kwanza, nguvu za injini baadaye

Mnunuzi wa Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la miaka ya 1970, iliyolala miaka huanza kwa kufungua boneti. Mwenye uzoefu huanza kwa kupiga magoti. Injini ya L24, silinda sita, cc 2,393, ni ngumu kuua, na hata ikifa hupona. Kinachomaliza magari haya ni kutu. Ushindi wa Safari Rally wa 1971 (Edgar Herrmann) na 1973 (Shekhar Mehta) umewafanya watu waamini kwamba bodi ya gari hili ni ya chuma cha reli, kumbe bati lake ni jembamba, na kiwandani lilikingwa kidogo sana dhidi ya maji.

Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, na bisibisi butu. Sumaku hushika kwenye bati na kuachia kwenye fila, ile plasta ya kuzibia mashimo kabla ya rangi. Pitisha kwenye kona ya chini ya bodi mbele ya gurudumu la nyuma, kwenye fenda za mbele nyuma ya tairi ambako tope hujikusanya lisionekane, kwenye shimo la tairi la spea, na kwenye ukingo wa mlango wa buti. Bisibisi ni ya sehemu mbili: bati lililo chini ya betri, ambalo asidi hulila polepole, na zile chesi mbili za mstatili zinazopita chini ya sakafu. Chesi hizo huoza kwa ndani. Kwa nje unaona rangi nyeusi safi, lakini ukibonyeza bisibisi inaingia kama kwenye papai. Chesi zikiwa hivyo, bei ishuke sana au uondoke.

Kazi ya kuchomelea ni ya subira. Bodi hii haina fremu iliyotengana nayo, kwa hiyo ukikata chesi na kingo za chini za milango kwa pamoja, gari linapinda katikati na milango haitafunga tena. Kabla ya kukata, chomelea paipu ya mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, pande zote mbili, kisha pima nafasi ya mlango juu na chini na uandike vipimo kwa chokaa pale pale kwenye bodi. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Kwa chesi tumia bati la geji 18, yaani kama milimita 1.2, kwa ngozi ya nje jembamba zaidi linatosha. Choma vipande vya sentimita mbili, ruka, rudi baadaye. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati litakunja uso, na hakuna fila ya kuficha hilo. Betri na alteneta viwe vimechomolewa, na tangi la petroli lishushwe kabisa litoke hata chumbani. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke.

Ukimaliza, pulizia nta ya kukinga kutu ndani ya chesi kupitia matundu ya kutolea maji, na uhakikishe matundu yenyewe hayajazibwa na fila. Wengi hupaka oili chafu ya injini. Inasaidia bati kwa muda, kisha inavimbisha kila bushi na raba inayoigusa.

Kuhusu bushi: pini ndefu inayounganisha mkono wa chini wa nyuma na nguzo ya shoki ina sifa mbaya, na ni sifa ya haki. Inapita ndani ya chuma cha kusubu na hugandia humo kwa kutu. Fungua nati za ncha zote mbili, kisha utoe ile kabari ndogo ya katikati inayoifunga isizunguke. Wanaoisahau hugonga siku nzima bure. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu kila jioni kwa siku nne au tano kabla ya kugusa nyundo. Usigonge uzi wa pini ukiwa mtupu bila nati, kwa sababu ncha ya pini hutanuka kama uyoga na haitapita tena kwenye tundu. Tengeneza kivutio: kipande cha paipu nene, washa kadhaa, na nati ndefu inayoingia kwenye uzi wa pini, kaza nati na pini ivutwe kuingia kwenye paipu. Ikigoma, kata pande zote mbili kati ya bushi na chuma cha kusubu kwa msumeno, peleka kipande kilichobaki kwenye presi ya haidroliki, ununue pini mpya. Mpya ipakwe grisi urefu wake wote. Na kama bushi ni za raba, nati za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa kwenye jeki, la sivyo raba itabaki imejipinda muda wote na kuchanika mapema.

Breki ndiyo sehemu ambayo fundi wa Afrika Mashariki ana bahati. Kalipa za mbele za Toyota Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne na alama S12+8 iliyochorwa ubavuni, zinafunga kwenye 240Z bila adapta na zinatumia diski zile zile za asili. Kuzipata Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, ni rahisi kuliko kupata za Datsun yenyewe. Kinachohitajika ni kukata kidogo lile bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski na kuzungusha bomba jipya la breki. Zijaribu na rimu kabla ya kumwaga mafuta ya breki, maana baadhi ya rimu za inchi 14 hugusa. Ziangalie pistoni: zikiwa na vidonda vya kutu, hata seti mpya ya sili itavuja.

Kosa la kawaida hapa ni kufunga kalipa ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri tu, lakini nipo ya kutolea hewa inabaki chini. Hewa hukaa juu, kwa hiyo utapampu mpaka usiku na pedali itabaki laini. Nipo lazima iangalie juu. Pedali ikiwa ndefu baada ya hapo, usikimbilie kununua masta silinda. Kwanza rekebisha breki za nyuma. Ni za ngoma, na viatu vikiwa mbali na ngoma ndivyo vinavyokula mwendo wa pedali. Ikibaki ndefu bado, masta ya Datsun 280ZX, gari lililofuata katika ukoo huu, yenye kipenyo cha 15/16 ya inchi badala ya 7/8 itaifupisha.

Umeme unataka muda zaidi ya watu wanavyoupa. Taa kubwa za mbele zinapitisha umeme wake wote kwenye fyuzi boksi na swichi ya usukani, na vyote viwili vina miaka hamsini. Balbu mbili za wati 55 zinavuta ampea tisa hivi, na ndiyo maana fyuzi boksi nyingi utazikuta zimeyeyuka upande wa taa. Dawa ni relei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, ila kuna mtego. Kwenye gari hili swichi ya full na dim haikati chaji (umeme unaotoka betri), inakata athi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi). Chaji hufika kwenye balbu moja kwa moja taa zikiwashwa, kisha swichi inachagua uzi upi wa balbu upate athi. Seti nyingi za relei za dukani ni za magari yanayokata chaji, kwa hiyo ukizichomeka hapa utapata taa zenye wazimu. Funga hivi, kwa namba zilizoandikwa kwenye miguu ya relei: mguu wa 30 wa kila relei utoke betri kupitia fyuzi ya ampea 20, wa 87 uende kwenye balbu, wa 86 upate ule waya wa zamani wa chaji ya taa, wa 85 upate waya wa swichi, mmoja wa full kwa relei ya kwanza na mmoja wa dim kwa ya pili. Mguu wa pamoja wa balbu sasa uende athi ya bodi, kwenye chuma kilichopigwa msasa hadi king'ae. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa taa. Kutoka betri weka wa 4.

Alteneta ya 280ZX, ampea 60 na regulita yake ndani, ni mabadiliko mazuri pia. Weka diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya mwembamba wa taa ya chaji. Bila hiyo utazima ufunguo na injini itaendelea kunguruma, kwa sababu umeme wa alteneta unarudi kinyumenyume kwenye koili.

Sasa injini. Pima kompresheni silinda zote sita kabla ya kufungua chochote. Inayosoma chini ya asilimia 80 ya ile ya juu ndiyo ya kuifuatilia. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: 0.20 mm kwa za kuingiza, 0.25 mm kwa za kutoa. Ukilazimika kuvua silinda hedi, chonga kabari ndefu ya mbao na uishindilie kati ya pande mbili za cheni ya taimingi, kwa juu, kabla ya kulegeza gia ya kemshafti. Bila kabari, tensheni inayokaza cheni huchomoka kule chini na kazi ya alasiri moja inageuka kuwa ya kuvua kava la mbele lote. Funga kabari kamba ili uikumbuke. Kemshafti ikiwa mpya, siku ya kwanza injini iende mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika ishirini, bila kuachwa kwenye saileni (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), na oili iwe yenye zinki ya kutosha.

Kabureta za SU za Hitachi zenye kuba la duara ni nzuri. Zile bapa zilizokuja 1973 wengi huzivua, na hawakosei. Anza kwa kushusha nati ya mchanganyiko mizunguko miwili na nusu, tia oili ya SAE 20 kwenye kuba, kisha usikilize mvumo wa hewa kwa kipande cha mpira sikioni hadi kabureta zote mbili zilie sawa.

Anayetaka nguvu zaidi atafute L28, injini kubwa zaidi ya ukoo ule ule. Inakaa kwenye maunti zile zile. Ukiipata kwenye gari jingine kama Patrol ya petroli, hamishia sampo (bakuli la oili) na kinyonyaji cha oili vya L24 yako, uweke sindano za aina ya SM kwenye kabureta. Seti ya kabureta tatu za Weber inapendeza machoni na inakula siku zako za mapumziko.

Mwisho ni harufu ya ekzosi ndani ya gari, ambayo wenye 240Z wengi wameizoea kama tabia ya gari. Ni moshi wenye sumu. Nyuma ya gari hili hewa hunyonywa kurudi ndani kupitia raba ya mlango wa buti na raba za taa za nyuma. Usiku, mtu mmoja ajifungie ndani na tochi, mwingine azunguke nje. Popote mwanga unapochungulia, hapo ndipo moshi unapoingia.