Karafuu Zilizonyeshewa

Mwanangu Salma,

Assalaamu alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Kumbe nduguyo kashakwambia kwamba nilionekana na mfuko wa karafuu begani, nikielekea kwa watoto wa ami yako Hamadi, na wewe unauliza kama nimekuwa mchuuzi uzeeni. La, mwanangu. Nimelipa deni.

Siku ya maziko ya Hamadi, tulipokwisha kufukia, alisimama mtu wa familia akasema kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Watu kimya. Mimi nikainamisha kichwa, maana marehemu ndiye aliyekuwa akinidai mimi. Tangu mwaka 1975.

Tulikuwa wadogo, hapa hapa Mtambwe. Wakubwa wako juu ya mikarafuu, sisi chini tunaokota mpeta, zile karafuu zinazodondoka. Mimi na Hamadi tulitia pakacha moja, changu na chako hatukujua. Tukachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, tukaanika uwanjani kwetu, kwa sababu kwao mfenesi ulitia kivuli. Karafuu zataka jua kali siku tatu, nne. Zikinyeshewa kabla hazijakauka hupauka, zikaota ukungu, ndiyo basi tena. Hilo kila mtoto wa Pemba analijua, na ndilo nililolitumia. Zilipokauka zilikuwa pishi nne kamili. Nikamuuzia jirani zote, nikanunua ndara. Zama zile za foleni ndara mpya si kitu kidogo, usinicheke. Hamadi nikamwambia, "Mvua ilinyesha, sikuwahi kuanua, zimeoza."

Akanitazama usoni. Akanitazama miguuni. Akasema, "Pole."

Hakunigombeza, wala hakumwambia mamaye. Lakini toka siku ile mpaka tumeota mvi, likidondoka tone popote tulipo, barazani, sokoni Wete, hata siku ya harusi yangu, ataniinamia sikioni: "Karafuu umeanua?" Nyinyi mlidhani ni mzaha wa wazee, mkicheka naye. Mama yako mpaka leo hajui. Na mimi nilicheka kila mara, kwa kuwa kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kumwambia.

Mara ya mwisho nilimkuta kalala, maneno hayamtoki tena, mvua inapiga bati. Alinyanyua kidole akaonesha juu.

Ningetoa fedha, lakini fedha za siku zile nani atazihesabu? Basi nilipima pishi mbili za msimu huu kabla sijapeleka zilizobaki ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Mwanawe mkubwa akauliza, "Za nini hizi, mzee?" Nikamwambia, "Za baba yako. Zilinyeshewa." Nadhani aliona nimeanza kupotewa na akili. Alipokea kwa mikono miwili, akanipa na chai.

Jana alasiri yamepita manyunyu. Nimetoka mbio kuanua, na uwanjani hapana kitu.

Ni mimi babako