Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Mbao za Kwetu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, na useremala ni shughuli yangu ya Jumamosi. Nimekwisha kutengeneza meza, viti na kabati, na sasa ninatamani kuunda gitaa la nyuzi za chuma linaloweza kupigiwa benga. Rafiki yangu mpiga gitaa anashikilia kwamba bila mbao za Ulaya nitapata sanduku tu. Ninazo mbao za msipresi na za mgrevilea zilizokaa darini kwa muda mrefu. Je, zinafaa? Na zile mbavu, yaani mbao za pembeni, hupindwaje bila kuvunjika?
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mbao zako huenda zikafaa kabisa, ila itakubidi uzichague kwa ukali kuliko ulivyochagua za kabati. Rafiki yako ana sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa magitaa mengi ya kiwandani yana uso wa sprusi, mti wa nchi za baridi, au wa mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, ambao si mti mmoja na mtarakwa wetu unaofanywa nguzo za ua. Hata hivyo, kinachotafutwa katika miti hiyo ni wepesi ulioambatana na ukakamavu, na sifa hizo hazina uraia. Nchini Uhispania msipresi ndio mbao ya jadi ya migongo na mbavu za magitaa ya flamenko, na msipresi unaopandwa katika nyanda zetu za juu ni wa jamii hiyohiyo, ingawa ni wa aina nyingine.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni kwamba sauti ya gitaa hutoka hasa kwenye uso wake, yaani ule ubao wenye tundu. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres aliunda gitaa lenye uso wa mbao, lakini mgongo na mbavu zake akazifanya kwa karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo usihangaike kusaka mbao za fahari za kupamba mgongo. Mgrevilea wako, wenye madoa yake yanayong'aa ukipasuliwa vizuri, utatosha kwa mgongo na mbavu. Mbao zote bora ulizo nazo, pamoja na uangalifu wako, zielekeze kwenye uso.

Chukua basi ule msipresi, uutazame kwenye ncha ulipokatwa. Mistari ya ukuaji isimame wima kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, isilale kama tabasamu, kwa maana ubao uliopasuliwa hivyo ni mkakamavu zaidi na haujikunji sana hewa inapobadilika. Msipresi wetu hukua haraka, kwa hiyo mistari yake mara nyingi iko mbalimbali, na vifundo ni vingi. Itakulazimu kupekua rundo zima ili upate vipande viwili visivyo na kifundo, vya kuunganishwa katikati. Ukishavipiga randa hadi unene wa milimita 4 hivi, kishike kimoja kwa vidole viwili karibu na pembe, ukigonge katikati kwa kifundo cha kidole, usikilize. Kikilia kwa mlio unaodumu, kiweke. Kikitoa kishindo kifupi kilichozibwa, kirudishe kwenye rafu.

Kuhusu ukavu, sitakubali neno la kwamba mbao zilikaa darini kwa muda mrefu. Dari la Kisumu liko kwenye hewa ya ziwa, na mbao hunywa unyevu wa hewa inayozizunguka hata zingekuwa na umri gani. Pima kila kipande kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, uandike uzito kwa penseli pembeni mwa ubao wenyewe, ukiweke mahali pakavu penye joto la wastani, kisha ukipime tena baada ya siku chache. Utaona tarakimu zikishuka moja chini ya nyingine. Zitakapoacha kushuka, hapo ndipo ubao umekauka kwa kadiri mahali hapo panapoweza kuukausha.

Ninasisitiza hivi kwa sababu ndipo magitaa ya kujifunzia yanapofia. Mbao hupungua upana inapokauka, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kusumbua. Chini ya uso hugundishwa fito za kuuimarisha, na fito hizo hukatiza nyuzinyuzi za ubao. Ukizigundisha wakati wa masika, ubao ukiwa umevimba, kisha gitaa likapelekwa Nakuru mwezi wa Januari, ubao utataka kusinyaa nazo fito zitaukatalia, na matokeo yake ni ufa unaotembea kutoka kwenye daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya uso, hadi mwisho wa ubao. Gundisha fito katika siku kavu, na ubao utoke moja kwa moja penye joto uingie kwenye gundi.

Unene wa uso uwe kati ya milimita 2.5 na 3. Usiharakishe randa hapo, kwani ukakamavu wa ubao hufuata unene wake uliowekwa mara tatu na kuzidishwa pamoja (unene × unene × unene): ukitoka milimita 3 hadi 2.4, umepoteza karibu nusu ya nguvu ya ubao, wala hakuna msasa wa kuirudisha. Kwa kuwa nia yako ni nyuzi za chuma, panga fito kuu mbili zikatane kwa umbo la herufi X chini kidogo ya tundu, mtindo ambao jina lake limeambatana na C. F. Martin wa Marekani tangu miaka ya 1840. Mpangilio wa fito zilizotawanyika kama upepeo, alioukamilisha Torres, ni wa nyuzi laini, na usiuige kwa sababu tu unapendeza katika picha.

Nikija kwenye mbavu, zipige randa hadi milimita 2, uzilowanishe kidogo, kisha utafute bomba la chuma lenye kipenyo cha inchi 2 au 3, ulifunge imara kwenye jiriwa na kulipasha moto kwa ndani. Tone la maji likidondoka juu yake liruke na kutoweka papo hapo. Likitulia na kuchemka polepole, bomba halijafika. Weka ubao juu ya bomba, uutikise mbele na nyuma kwa shinikizo dogo, nawe utahisi ghafla ukilegea chini ya viganja. Kinachopinda ubao ni joto. Wengi huloweka mbao usiku kucha halafu wakakazana kwa mikono, na mbao inavunjika penye kiuno. Vaa barakoa unapopiga msasa mgrevilea, na mikono mirefu pia, kwa maana huwasha ngozi za baadhi ya watu.

SWALI: Mhariri, gitaa langu la kwanza linatoa sauti nzuri nyuzi zikiwa wazi, lakini nikipanda shingoni kila kitu kinaharibika. Nafasi za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, nilizinakili kwa karatasi kutoka gitaa la dukani, ila nyuzi za langu ni ndefu kidogo. Nifanye nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu, umejibu swali lako mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Nafasi za freti hutegemea urefu wa uzi unaotetema, na haziazimwi kutoka gitaa lenye urefu mwingine. Chukua urefu kutoka kizingiti kilicho chini ya kichwa hadi kwenye daraja, uugawe kwa 17.817, upate umbali wa freti ya kwanza; urefu uliobaki uugawe tena kwa 17.817, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka kizingitini, ya pili 70.9, ya tatu 103.4, na ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili. Zote zipimwe kutoka kizingitini, usizipime kutoka freti moja hadi nyingine, la sivyo kosa dogo litajumlishwa hadi liwe kubwa.

Hata hesabu ikiwa sahihi, kijiti cha daraja, kile ambacho nyuzi hulalia, kisogezwe nyuma ya kipimo hicho, kwa kuwa kidole kinapobonyeza uzi huuvuta na kuupandisha sauti. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 hivi upande wa uzi mwembamba na 4 au 5 upande wa uzi mnene. Ndiyo sababu kijiti hicho huwekwa mshazari. Shingo yako haiokoleki kwa kusogeza daraja peke yake. Bandua ubao wa freti kwa joto na kisu chembamba, uweke mpya.

SWALI: Daraja la gitaa langu limeng'oka mara mbili, ingawa nilitumia gundi ya viatu iliyo kali sana. Je, niliongezee misumari?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Misumari hapana. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, mchana na usiku, nayo gundi ya viatu hubaki laini na kuteleza polepole chini ya mzigo wa kudumu. Kwangua vanishi yote iliyo chini ya daraja hadi uone mbao tupu, maana gundi iliyoshika vanishi haijashika gitaa. Hakikisha ndani, chini ya uso, kuna kibao cha mbao ngumu kinachokaa sambamba na daraja. Kama hakipo, kiwekwe kwanza. Kisha tumia gundi nzuri ya mbao, ubane kwa jiriwa ndogo zinazopita tunduni, na nyuzi zisirudishwe hadi siku ya pili. Gitaa lenyewe usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani.