Maswali na Majibu: Margaret Fuller, Kitabu Chake na Kilichozama Pamoja Naye

Juma lililopita nilimtaja kwa mistari michache Margaret Fuller, mwandishi wa Marekani ambaye mwaka 1845 alichapisha kitabu *Mwanamke katika Karne ya Kumi na Tisa*, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya kwanza nchini humo vya kudai usawa wa wanawake. Wasomaji wameuliza mengi, nami nimefurahi, kwa kuwa ni mwandishi ninayemheshimu kwa dhati na ambaye watu wengi wanajua kifo chake kuliko maneno yake.

Alisomea wapi, ikiwa vyuo vikuu vya jirani havikupokea wanawake? (Msomaji, Iringa)

Alisomea nyumbani. Alizaliwa tarehe 23 Mei 1810 huko Cambridgeport, Massachusetts, akiwa kifungua mimba wa Timothy Fuller, mwanasheria aliyepata pia kuwa mbunge. Baba alimfundisha kusoma kabla hajatimiza miaka minne, na alipofika miaka sita hivi akamwanzishia Kilatini, akimsikiliza masomo yake usiku baada ya kurudi kazini. Margaret mwenyewe aliandika baadaye kwamba ukali wa malezi hayo ulimletea jinamizi na maumivu ya kichwa. Harvard ilikuwa karibu na kwao, lakini mlango wake ulikuwa wa wavulana tu. Alipokuwa akiandika kitabu cha safari yake ya mwaka 1843 kwenye Maziwa Makuu ya Marekani, aliruhusiwa kufanya utafiti katika maktaba ya chuo hicho, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kupata ruhusa hiyo. Wakati huo baba yake alikuwa amekwisha kufariki kwa kipindupindu, mwaka 1835, na mzigo wa kuwasaidia mama na wadogo zake ulikuwa umemwangukia yeye.

Umeandika kwamba wanawake wa Boston walimlipa ili waje kuzungumza. Walizungumza nini cha kulipiwa? (Msomaji, Nakuru)

Walianza na miungu ya Wagiriki wa kale, jambo linaloweza kuonekana kuwa mbali sana na haki za mtu yeyote. Lakini angalia alivyoyapanga mazungumzo hayo, yaliyoanza Novemba 1839 na kuendelea hadi 1844, mengi yakifanyika katika duka la vitabu la Elizabeth Peabody, Mtaa wa West. Fuller alikuwa ameona kwamba wasichana wa nyumba zenye uwezo walifundishwa mambo mengi, ila hakuna aliyewadai wayatumie: mwanamume aliyesoma huitwa mahakamani, mimbarini au bungeni atoe alichonacho, ilhali mwanamke hubaki nacho kifuani mpaka kikasahaulika. Kwa hiyo aliwataka waliohudhuria waseme wenyewe, watoe maana ya maneno waliyoyatumia, na wakati mwingine waandike. Aliwawekea mbele maswali mawili: tulizaliwa tufanye nini, na tutalifanyaje? Mimi naona kazi hii ni sawa kwa uzito na kitabu chake, ingawa sehemu kubwa ya yaliyosemwa mle dukani ilipotea hewani.

Rafiki yangu anasema kitabu chake kinawafundisha wanawake kuwadharau waume zao. Ni kweli? (Msomaji wa kike, Mombasa)

Si kweli, dada yangu, na nakuomba umsomee rafiki yako ukurasa mmoja ulioko karibu na mwanzo wa kitabu. Mfanyabiashara mmoja anamlalamikia mtetezi wa mageuzi: hamkutosheka na kelele zenu juu ya utumwa, sasa mnataka kumtoa mke wangu kwenye susu ya mtoto na meko ya jikoni mkampeleke kupiga kura! Anasema mkewe ameridhika kabisa. Anaulizwa: umemuuliza? Anajibu kwamba hajamuuliza, ila anajua. Kisha anakuja na hoja yake ya mwisho: kwani mimi si kichwa cha nyumba yangu? Naye anajibiwa kwamba yeye si kichwa cha mkewe, kwa maana Mungu amempa mke akili yake mwenyewe.

Kitabu kizima kimefungwa katika swali lile la "umemuuliza?" Fuller alikuwa akiandika katika nchi ambayo, kwa sheria ya majimbo mengi, mali na mshahara wa mwanamke aliyeolewa ulikuwa mikononi mwa mumewe, na anaeleza habari za wanaume wavivu walioishi kwa jasho la wake zao, au waliotumia watoto kuwatisha. Hata hivyo hakuhitimisha kwamba mwanamume ni adui. Aliandika kwamba hakuna mwanamume mwenye sifa za kiume pekee wala mwanamke mwenye sifa za kike pekee, na kwamba mwanamume hawezi kukua hadi kimo chake iwapo mwenzake amefungwa. Alizipanga ndoa katika daraja nne, kuanzia ile ya kusaidiana kazi za nyumbani hadi ile ya juu kabisa, ambamo wawili huenda kama mahujaji wa safari moja. Na alipoulizwa wanawake wafanye kazi gani, jibu lake lilikuwa: kazi yoyote, na wakitaka wawe manahodha wa meli.

Je, aliwajali wanawake maskini, au wale wa tabaka lake tu? (Msomaji, Kampala)

Alipokuwa akikamilisha kitabu hicho, mwaka 1844, alikwenda katika gereza la Sing Sing, jimbo la New York, akaketi na wafungwa wanawake, wengi wao wakiwa wametoka katika ukahaba, akawasikiliza na kuzungumza nao bila kuwahubiria kutoka juu. Mwishoni mwa mwaka huo alijiunga na gazeti la *New-York Tribune* la Horace Greeley, ambako makala yake yalitambulika kwa alama ya nyota badala ya jina. Humo aliandika juu ya magereza na hospitali za wagonjwa wa akili, na mwaka 1845 alikisifu kitabu cha maisha ya Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani. Nakiri kwamba mazungumzo ya Boston yalikuwa ya wenye nafasi. Gazeti ndilo lililompanua.

Alikufaje, na ni kweli kwamba kuna kitabu kilichozama? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Gazeti lilimpeleka Ulaya mwaka 1846, naye akaishia Italia, akapendana na Giovanni Ossoli, akazaa naye mtoto wa kiume tarehe 5 Septemba 1848 katika mji wa Rieti. Mwaka 1849 wanamapinduzi waliomwondolea Papa utawala wa mji walitangaza Jamhuri ya Roma; jeshi la Ufaransa lilipouzingira mji, Fuller alisimamia hospitali ya majeruhi kwenye kisiwa cha Mto Tiber huku akiendelea kutuma habari Marekani. Jamhuri ilipoanguka, aliandika historia ya jamhuri hiyo, na Mei 1850 familia ikapanda meli ya mizigo iitwayo *Elizabeth* huko Livorno.

Nahodha alikufa kwa ndui karibu na Gibraltar, na msaidizi wake akashika usukani. Alfajiri ya tarehe 19 Julai, katika dhoruba, meli ilipanda fungu la mchanga mbele ya Fire Island, karibu na New York, na shehena ya marumaru ikatoboa tumbo lake. Ufuko ulionekana wazi. Baadhi ya mabaharia walifika nchi kavu kwa kushikilia mbao. Fuller hakukubali kutenganishwa na mwanawe. Walioponea walimwona mara ya mwisho ameketi chini ya mlingoti wa mbele, katika vazi jeupe la kulalia, nywele zimemwangukia mabegani. Mwili wa mtoto ulitupwa ufukoni. Wake na wa Ossoli haikupatikana. Mwandishi Henry David Thoreau alitumwa kutafuta, na muswada wa historia ya Roma hakuuona. Margaret alikuwa na miaka 40.

Kwa nini basi mwandishi Ralph Waldo Emerson, rafiki yake, anajulikana zaidi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sababu moja inaniuma. Mwaka 1852 Emerson na marafiki wengine wawili, James Freeman Clarke na William Henry Channing, walitoa kitabu cha kumbukumbu za Fuller, na katika kuzitayarisha walikata barua zake, wakafuta mistari kwa wino na kubadili maneno waliyoona hayamfai mwanamke mwenye heshima. Walimpenda, sina shaka, lakini mwanamke aliyetoka katika kitabu chao alikuwa na majivuno mengi na fikra chache. Wanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura walimkumbuka vingine: Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony waliandika mwaka 1881 kwamba hakuna mwanamke kabla yake aliyekuwa na athari kubwa zaidi katika fikra za wanawake wa Marekani. Barua zenyewe zilikusanywa upya na Robert Hudspeth, zikachapishwa katika majuzuu sita kuanzia 1983 hadi 1994. Asomaye Kiingereza asianze na kumbukumbu za marafiki. Aanze na yule mfanyabiashara na mkewe ambaye hakuulizwa.