Igizo la darasani linapogusa jeraha la kweli

SWALI: Assalamu aleikum. Ninafundisha stashahada ya kazi za jamii katika chuo kimoja hapa Malindi. Mwezi uliopita wanafunzi wangu waliigiza afisa wa ustawi wa jamii akimtembelea mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Binti aliyecheza nafasi ya mjane alilia hadi akashindwa kurudi katika hali yake, na baadaye nikaja kujua kwamba mama yake mzazi alifikwa na jambo lilo hilo. Wenzangu idarani wanataka tuache maigizo na uchoraji, tubaki na mihadhara. Je, shughuli hizi ni somo au ni tiba, na nitaziendesha vipi bila kumuumiza mwanafunzi?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwalimu mwenzangu. Nakuomba usiziache. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa mihadhara peke yake atakutana na machozi ya mjane kwa mara ya kwanza akiwa nyumbani kwa mjane huyo, pasipo mwalimu wala mwenzake wa kumshika mkono. Hata hivyo wenzako wameona hatari ya kweli, na si haki kuwapuuza. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona kwamba igizo lenu lilikuwa na mlango wa kuingilia na halikuwa na mlango wa kutokea.

Kuhusu somo au tiba: zana ni zile zile, ila mapatano ni tofauti. Jacob Levy Moreno, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na kuanza majaribio yake Vienna kabla ya kuhamia Marekani, ndiye aliyelifanya jukwaa kuwa mahali pa kutibia. Katika njia yake, mtu huigiza maisha yake mwenyewe kwa hiari, mbele ya mtaalamu na kundi lililokubali kumsindikiza. Mwanafunzi wako hakuja kutibiwa. Alikuja kutafuta stashahada, na wewe unayeongoza igizo ndiwe unayeshika alama zake. Anayetoa alama hawezi kuwa tabibu wa huyo anayempa alama, kwa sababu mwanafunzi hana uhuru kamili wa kumwambia "sitaki". Kwa hiyo yenu ni somo, lakini ni somo linalopaswa kuendeshwa kwa uangalifu wa tiba. Kenya pia ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayosimamia usajili wa wanaotoa huduma hiyo, na vyema wanafunzi waambiwe mapema kwamba kujifunza zana hizi hakuwafanyi kuwa matabibu.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni umbali. Robert Landy, aliyefundisha tiba ya drama kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha New York, alisisitiza kwamba mtu akiwa karibu mno na mhusika huzama, na akiwa mbali mno haguswi na chochote. Kazi ya kiongozi ni kumweka pale ambapo anahisi na bado anaweza kufikiri. Sasa litazame igizo lenu: mjane, shamba, shemeji. Hapa pwani ni ukoo gani usiokuwa na kisa hicho? Isitoshe, tuko katika kaunti ambayo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023, na hujui ni nani darasani mwako anayeomboleza kimyakimya. Visa vya namna hiyo visiwe vya kuanzia.

Anza na mambo mepesi, kama vile mbuzi wa jirani aliyekula mboga au mzee aliyerudishwa mara tatu katika ofisi moja kwa kukosa karatasi. Ukisha kuona kwamba kundi linaaminiana, sogea karibu, lakini kwa kupitia ngano. "Paukwa! Pakawa!" ni zana bora ya umbali, kwani kila aliyelelewa kwa hadithi anajua kwamba akishaitikia, yuko katika nchi nyingine ambamo sungura ana shamba na fisi ni shemeji. Dhuluma itabaki ile ile na afisa atajifunza maswali yale yale, lakini hakuna atakayelazimika kumlilia mama yake mbele ya watu. Wala usimpangie mtu nafasi. Taja nafasi zote, pamoja na ya mtazamaji na ya mshika saa, kisha mwache kila mmoja achague, na anayechagua kutazama asiulizwe sababu.

Jambo la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, ni kuvua uhusika. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliongoza igizo katika taasisi moja, muda ukaisha, chumba kikahitajika, nami nikawaaga wanafunzi kwa makofi. Kijana aliyecheza baba mlevi alienda nyumbani akiwa bado na hasira ya yule baba, na wenziwe wakaendelea kumwita kwa jina la mhusika wiki nzima. Lile lilikuwa kosa langu. Tangu siku hiyo, katika kipindi cha saa mbili, dakika arobaini za mwisho siziruhusu kuguswa na jambo lolote jingine.

Kuvua uhusika hufanywa kwa mwili, kwa sababu uhusika umeingia mwilini. Mpe kila mhusika kitu kimoja cha kumtambulisha, kama leso, kofia au bakora, na kiti chake. Igizo likiisha, mwigizaji akivue kitu kile, akiweke juu ya kiti, asimame nyuma ya kiti na aseme kwa sauti: "Mimi si mjane yule. Mimi ni fulani, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nafanana naye kwa hili, natofautiana naye kwa hili." Kisha aondoke hapo, anawe uso, anywe maji, arudi kukaa mahali pengine. Watu wote wamwite kwa jina lake. Baada ya hapo ndipo kundi huketi kushirikishana, na hapa kanuni ya Moreno ni ya thamani sana: hakuna kuchambua uchezaji wa mtu wala kumpa ushauri, bali kila mmoja hueleza kilichomgusa yeye. Uchambuzi wa mbinu za afisa uwe kipindi kingine, ikiwezekana siku nyingine.

Na mtu akizama kama binti yule, simamisha igizo papo hapo, usingoje mwisho wa onyesho. Mwambie akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, mwite jina lake, mwombe akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani. Atoke na mwenzake anayemwamini, na siku hiyo hiyo azungumze na mshauri ambaye si mwalimu wake.

Uchoraji nao una mitego yake, ingawa ni mpole zaidi. Mwingereza Adrian Hill aliupa jina la tiba ya sanaa mwaka 1942, akiwa amejua faida yake alipokuwa akiugua kifua kikuu, lakini Wagiriama walikuwa tayari na vigango vyao, nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Huzuni ilikwisha kupewa umbo hapa. (Nasema hivi ili wanafunzi waheshimu asili yao. Kigango kisiletwe darasani kuwa zoezi, kwani kina wenyewe.) Mwanafunzi asiyependa kuchora viumbe kwa sababu ya dini yake atumie mistari, rangi, nakshi za hina au ukili wa kusuka. Na usiitafsiri picha ya mtu: rangi nyeusi huenda ni kalamu pekee iliyobaki mezani. Sema tu, "Nieleze kuhusu picha hii," kisha sikiliza.

Katika alama, pima maswali aliyouliza afisa na tafakuri aliyoandika mwanafunzi, usipime machozi wala ukubwa wa siri iliyotolewa. Simu zikusanywe mlangoni.

Kuhusu binti mwenyewe, mwone faraghani wiki hii. Mwambie waziwazi kwamba upungufu ulikuwa katika mpango wa somo, wala si udhaifu wake, na kwamba kulia kwake hakumwondolei sifa ya kuwa mfanyakazi wa jamii. Mwulize kama yuko tayari kuzungumza na mshauri, na kama angependa kurudi katika maigizo akiwa mshika saa kwanza. Akisema bado, mkubalie.