Monita mbili za mtumba, shingo moja

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni kijana wa Gungu, Kigoma. Naandika programu za kuhesabu mizigo kwa wenye maboti pale Kibirizi, na natumia laptopu ya inchi 14, nimekalia ndoo. Kuna jamaa ana monita mbili za mtumba, inchi 22, elfu tisini kila moja, na anataka nizichukue zote. Nikiangalia video za waandishi wa programu wa huko nje, kila mmoja ana vioo vitatu. Nikichukua zote mbili, kazi itaenda haraka?

JIBU: Marahaba mpwa. Chukua moja. Elfu tisini inayobaki nitakutafutia kazi yake hapo chini.

Tuhesabu kwanza. Laptopu nyingi za mifuko yetu zina kioo cha nukta (vile vidoa vya mwanga vinavyounda picha) 1366 kwa upana. Ukikigawa kati, msimbo (maandishi ya programu) kushoto na programu yenyewe kulia, kila upande unapata nukta 683. Herufi moja ya ukubwa wa kawaida inakula nukta kama 8. Toa namba za mistari, toa orodha ya mafaili pembeni, unabakiwa na nafasi ya herufi hamsini na kitu. Sasa, wengi wetu bado tunaandika mistari ya herufi 80, desturi tuliyorithishwa na kadi za matundu za IBM za mwaka 1928. Haienei. Unashinda unasukuma ukurasa kushoto na kulia kama anayechungulia sebule kwa tundu la ufunguo.

Monita za inchi 22 za mtumba nyingi zina nukta 1680 kwa 1050. Msimbo unakaa mzima juu yake, laptopu inabaki na programu ikitembea. Unarekebisha mstari, unahifadhi, unatupa jicho: jumla ya magunia imebadilika au bado? Faida yote iko hapo, kuona unachoandika na kinachotokea kwa wakati mmoja. Cha tatu ukikipata utakiwekea WhatsApp. Sibahatishi, nilikuwa nacho.

Nilikuwa navyo vitatu hapa Isevya, Tabora, wakati natengeneza mfumo wa mapokezi ya asali kwa kikundi fulani cha wafugaji nyuki. Monita ya kulia nilifungua dirisha jeusi la kuandikia amri za seva ya majaribio, yaani kompyuta ya kujaribia mfumo, ya kushoto seva yenye hesabu za kweli. Yote meusi, herufi nyeupe zilezile. Saa tano usiku nikaandika amri ya kufuta mapokezi ya majaribio, macho kwenye kibodi, nikabonyeza Enter. Nikainua uso kutazama kulia. Kimya. Nikageuka kushoto polepole, maana moyo ulishajua, nikakuta pameandikwa DELETE 412, yaani mapokezi 412 ya kweli yamefutika.

Nakala ya akiba ilikuwa ya juzi yake. Asubuhi nilikaa na mama anayepima asali, yeye akisoma daftari lake lenye madoa ya nta, mimi nikichapa, dumu moja baada ya jingine, hadi adhuhuri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani hizo luninga zote ni za nini?" Tangu siku hiyo dirisha la seva ya kweli nalipaka rangi nyekundu iliyoiva, na silifungui mpaka nina shughuli nalo.

Shingo nayo. Wenye monita mbili zinazolingana huzipanga sambamba, kwa hiyo mbele ya pua panakuwa na ule ukingo zinapokutana, na mtu anachagua upande. Mimi nilichagua kulia kwa miezi minane. Ikafika mtu akiniita kutoka kushoto nageuka mwili mzima, kama kiti cha kinyozi. Yako moja iweke mbele yako kabisa, umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu ukilingana na macho, laptopu ikae pembeni imeinamia kwako. Yangu imekalia tofali la kuchoma lililofungwa gazeti. Na usiligeuzie mgongo dirisha linaloingiza jua la jioni, utakuwa unasoma sura yako badala ya msimbo.

Jambo ambalo watu wa video hawakwambii ni umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri, monita inazima. Lakini waya ungali umechomekwa, na mara nyingi kompyuta inaendelea kuamini monita ipo, kwa hiyo msimbo wako unabaki gizani kwenye kioo kilichokufa. Usihangaike na kipanya. Shika kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kioo cha kompyuta peke yake, kila kitu kitarudi kwako. Ukitaka kuvuta dirisha moja tu, ni Windows, Shift na mshale.

Kabla hujatoa hela, mwambie jamaa aiwashe nusu saa mkiwa mnapiga soga. Mirija ya taa iliyo nyuma ya kioo ikichoka kioo kinakuwa cha njano na hafifu. Kisha angalia matundu ya nyuma. Ikiwa na tundu la DVI, nunua waya wa HDMI kwenda DVI. Picha inapita ilivyo, sauti tu ndiyo haiji. Ikiwa na tundu la zamani la VGA peke yake, na laptopu yako haina tundu hilo, itakubidi uwe na adapta, na herufi zinaweza kuonekana kama zimelowa.

Ile elfu tisini nyingine mpelekee seremala akuchongee kiti chenye mgongo. Uliniandikia kwamba unakalia ndoo, au nimesoma vibaya?

SWALI: Mimi niko Urambo. Nina TV ya inchi 32, naweza kuitumia kama monita ya kuprogramu?

JIBU: Inawezekana, kwa waya wa HDMI. Ila soma karatasi yake kwanza: nyingi za inchi 32 zina nukta zilezile 1366 kwa 768, yaani nafasi ni ileile ya laptopu, herufi ndizo zimenenepa. Ukiona pembe za picha zimekatwa, ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, uzime ukuzaji. Halafu itabidi mkubaliane na wa nyumbani kuhusu saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza.